Mwili Unaochekwa Ndio Unaokimbia
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Lodwar)

Nimeombwa nieleze jinsi kikundi kinavyoweza kutengeneza filamu fupi juu ya wasichana kuikubali miili yao kwa njia ya michezo. Najua wengine mnanong'ona: ati filamu, na maji bado ni shida? Swali ni la haki. Lakini msichana akiacha mpira kwa sababu anaitwa mlingoti, au kwa sababu mguu wake una kovu la risasi, kesho ataona haya hata kusimama mbele ya darasa.

Mfano tunao karibu, mwendo wa kilomita kama 120 tu. Rose Nathike Lokonyen alifika kambi ya Kakuma mwaka 2002, akiwa mtoto aliyekimbia vita kusini mwa Sudan. Alianzia mbio za shule. Mwaka 2016 alibeba bendera ya timu ya wakimbizi katika Olimpiki ya Rio. Timu ilikuwa na wanamichezo 10, na watano kati yao walikuwa wakimbiaji waliotoka Kakuma. Katika mita 800 Rose hakupita raundi ya kwanza. Mimi hapo ndipo namfurahia zaidi, maana hakuhitaji medali ili mwili wake uwe na thamani. Basi filamu yetu nayo isitafute bingwa. Tafuteni yule wa namba mbili, yule mnene, yule anayechechemea lakini kila jioni yuko uwanjani.

Simu moja nzuri yatosha. Pigeni asubuhi na mapema au baada ya saa kumi jioni, kwa sababu saa sita jua la huku hufanya uso kuwa kivuli kitupu. Upepo nao ni adui: kwa maneno, ingieni nyuma ya ukuta. Mwacheni aseme kwa Kiturkana, au Kidinka, au lugha yoyote anayootea ndoto. Na wewe kijana mwenye simu, usipige mapaja halafu uite hayo michezo. Piga uso, pumzi, vumbi, na mama yake akitazama.

Sasa jambo zito. Picha ikitoka hairudi, hata ukilia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa mtoto, lakini msichana mwenyewe naye aulizwe, tena pembeni, siyo mbele ya wazee ambapo hawezi kukataa. Kabla ya baraza kuiona, aione yeye kwanza pamoja na wenzake wa timu. Akisema kovu lile litolewe, litolewe, hata kama ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Na memori kadi zikae kwa katibu wa kikundi, siyo mfukoni mwa mpiga picha.