Tukishikwa Ugenini, Nani Aarifiwe?

Hotuba kwa familia zetu za Riyadh na Jeddah, Sikukuu ya Jamhuri



Leo tunaikumbuka Desemba 12, 1963. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, mataifa yalikubaliana mjini Vienna kuhusu kazi za konseli. Kifungu cha 36 cha mkataba huo kinatugusa sisi: anayekamatwa nchi ya watu ana haki ubalozi wake uarifiwe bila kuchelewa, na maofisa wake wamtembelee na kumtafutia wakili. Lakini sikilizeni, wanetu: ubalozi huarifiwa mwenyewe akiomba.

Tumeona umuhimu wake. Malcolm Bidali, mlinzi Mkenya aliyeandika mtandaoni kuhusu maisha ya vibarua nchini Qatar, alikamatwa Mei 2021 akafungiwa peke yake karibu mwezi mzima. Watu walipaza sauti wakiuliza yuko wapi.

Hapa Saudia, Stephen Munyakho alihukumiwa kifo baada ya ugomvi wa mwaka 2011 uliomuua mwenzake kazini, raia wa Yemen. Mama yake, Dorothy Kweyu, mwandishi wa habari wa miaka mingi, hakuchoka kumwombea. Mei 2024, zikiwa zimebaki siku chache auawe, serikali yetu iliomba muda ukatolewa. Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu ililipa diya ya riali milioni 3.5, na Julai 2025 akaachiliwa. Tusisahau kwamba ng'ambo ya pili kuna familia iliyozika mtu wao. Tunawapa pole.

Mazungumzo hayo yanahitaji jina, namba ya pasipoti na mahali mtu alipo. Ubalozi wetu uko Riyadh, na ndugu zetu wa Jeddah wako zaidi ya kilomita 900. Hauwezi kumtafuta usiyemjua.

Basi tukubaliane leo. Kila familia ijiandikishe ubalozini. Nakala ya pasipoti na ikama ibaki kwa mtu mmoja hapa na mwingine nyumbani. Tusitie sahihi karatasi tusiyoielewa. Na hata watoto wajifunze maneno haya: *Uridu al-ittisal bi-sifarati*, yaani, nataka kuwasiliana na ubalozi wangu.

Na simu ya mwenzetu ikizimika siku tatu, tusiseme labda yuko kazini. Tumuulizie.

Sikukuu njema.