Mbaazi Tuzichague Ndani ya Mahindi



Mkulima wa Babati, Tanzania, hupanda mbaazi pamoja na mahindi, kwa mvua ileile, akitegemea mazao mawili katika ekari moja. Sisi watafiti vituoni mara nyingi tunazipima mbaazi peke yake, katika vipande vilivyopaliliwa vizuri, kisha tunampelekea mbegu iliyoongoza. Naamini tofauti hiyo inatugharimu, na ndiyo mada yangu leo.

Wiki za mwanzo mbaazi hukua polepole sana. Mahindi huitangulia, na mbaazi huwa chini yake bila kuyadhulumu maji wala mwanga. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hupata jua lote, na mizizi yake mirefu hufuata unyevu uliobaki chini. Mizizi hiyo pia hutoa asidi inayoachilia fosforasi iliyoshikwa na chuma udongoni, jambo lililoripotiwa na watafiti waliofanya kazi India mwaka 1990. Sasa fikirini: aina inayokimbilia juu mapema itatupendeza kituoni, lakini kwa mkulima itagombana na mahindi. Ile iliyotulia, ambayo tungeiita dhaifu na kuitupa, huenda ndiyo anayoihitaji.

Siku za kutoa maua nazo zina mambo yake. Mbaazi ni mmea wa siku fupi, na aina zetu ndefu za nyanda za juu huhitaji pia ubaridi. Ukizishusha kwenye joto la ukanda wa chini, huchelewa kutoa maua, zinarefuka na kujaa majani, na mvua inakatika kabla maganda hayajajaa. Kwa hiyo wastani wa mavuno wa vituo vyote nchini haumwambii kitu mkulima wa sehemu moja.

Kwa upande wa mnyauko wa fuzari, wazalishaji wa mbegu wamefanya kazi ya kujivunia. Mnaujua ugonjwa huu: mmea unakauka ukiwa na maganda machanga, mkanda wa zambarau unapanda shinani kutoka ardhini, na ukibandua gome kwa kisu unakuta mistari myeusi kwenye mti wake. Kuvu wake hukaa udongoni kwa miaka. Aina ya ICEAP 00040, yenye punje kubwa nyeupe, ilileta ukinzani. Tanzania tunaiita Mali, Malawi wanaiita Kachangu.

Lakini ukinzani huo unavuja. Ua la mbaazi hujichavusha, ila nyuki nao hulitembelea na kuchanganya chavua. Mkulima akipanda Mali jirani na mbegu ya asili, kisha akahifadhi mbegu yake mwenyewe, baada ya misimu michache punje zenye madoa huonekana katikati ya nyeupe, na mimea inayonyauka hurudi. Tusimlaumu. Mbegu mpya haimfikii kila mwaka, na India ilipowekea kikomo mbaazi zinazoingizwa nchini humo, Agosti 2017, bei ilimfundisha kutumia fedha kwa tahadhari. Zana za kugundua mchanganyiko huo tunazo: jenomu ya zao hili imechapishwa tangu 2012. Alama za vinasaba zitumike kukagua mbegu iliyo ghalani kwa mkulima, si ile ya makabati yetu tu.

Ninachoomba ni kwamba kuanzia vizazi vya mwanzo vya uchaguzi, nusu ya vipande viwe na mahindi, na mavuno ya mahindi hayo yapimwe na kuandikwa pamoja na ya mbaazi.

Kuna jambo lingine nililofunzwa shambani. Tulipokuwa tunapima punje, mama mmoja alisimama kando ya mizani akauliza, “Na miti yake mwanangu, hamuipimi?” Alikuwa ameshaifunga mizigo mitatu, ndiyo kuni zake mpaka masika. Fomu yetu haikuwa na safu ya mashina. Msimu huu tumeiweka.