Tanasukh na "Umimi" Katika Falsafa ya Yoga

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, si uadilifu kuipinga itikadi tusiyoifahamu. Abu Rayhan al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 973, alijifunza Kisanskriti, akakifasiri kwa Kiarabu kitabu cha yoga cha Patanjali, na mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi. Tufuate njia yake, tuwasikilize kwanza wenyewe.

Wanasema nafsi ya ndani, waiitayo purusha, ni shahidi tu: huona, wala haitendi. Akili na mwili ni ala. Kwa ujinga, mtu huchanganya mwenye kuona na ala ya kuonea. Kosa hilo huitwa asmita, yaani umimi. Humo huchipuka tamaa, chuki na kung'ang'ania uhai. Matendo yatokanayo na hayo huacha athari, nazo huleta uzao mwingine: aina ya kiumbe, umri wake, raha na mashaka yake. Hiyo ndiyo tanasukh. Ujinga ukiondoka, mzunguko hukatika.

Tunakiri kuwa kuukemea umimi kuna mazingatio. Kibri ndicho kilichomwangamiza Iblisi. Lakini tunaachana nao kwenye hesabu. Kwao, mtoto azaliwaye kipofu anavuna matendo ya uhai asioukumbuka. Kwetu sisi, mtoto huyo amezaliwa katika fitra, hana dhambi, na mtihani wake si adhabu. Maisha ya dunia ni haya mamoja. Suratul Muuminun yatueleza kuwa anayeomba kurejeshwa baada ya mauti hukataliwa. Mbele yake ipo barzakh mpaka siku ya kufufuliwa.

Hata hivyo, ndugu zangu, tujihesabu na sisi. Ni mara ngapi tumesikia, miongoni mwetu wenyewe, mtoto mwenye ulemavu akisemwa kuwa analipia makosa ya wazazi wake? Suratul An'am imekwisha kukata shauri: kila nafsi itabeba mzigo wake yenyewe. Mwenye kuikanusha tanasukh kwa ulimi, kisha akamtwika mtoto dhambi asiyoitenda, ameikaribia dhulma ileile anayoipinga.

Basi tumtembelee mzazi huyo, tumsaidie, na tuzuie ndimi zetu.

Wabillahi tawfiq.