Mavazi, Macho ya Watu na Utu wa Binadamu
(Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, Kemondo)



Tumekutana kutafakari jambo ambalo wengi huliona dogo: maneno yatupatayo kwa sababu ya nguo tulizovaa. Binti ashuka bandarini hapa Kemondo akitoka Mwanza, amevaa suruali, na mara miluzi yaanza. Mama mjane hana gauni la Jumapili, basi abaki nyumbani akiogopa kusemwa. Wote wawili wamenyang'anywa kitu kimoja, nacho ni haki ya kupita mbele za watu pasipo kudhalilishwa.

Kwanza, tukumbuke tulikotoka. Wazee wetu wa Buhaya walivaa lubugo, vazi la gome la mti. Kanzu, ambayo leo ni vazi la heshima arusini, ilitufikia kwa njia ya biashara ya pwani. Kilichokuwa kigeni kwa babu kimekuwa mila kwa mjukuu. Hatusemi kwamba mavazi hayana maana, kwani kuvaa kwa kiasi ni tunda la malezi mema. Twasema kwamba desturi ya mavazi hubadilika, bali utu wa mtu haubadiliki.

Pili, tuione hatari. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Ilipangwa ianze tarehe 1 Januari 1969, lakini kabla ya siku hiyo makundi ya vijana yalikwisha kuwavamia wanawake Kariakoo, Dar es Salaam. Nchini Kenya, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo hadharani katika kituo cha basi Nairobi. Wanawake waliandamana tarehe 17 ya mwezi huo, na kabla ya mwaka kwisha sheria ilirekebishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu kukawa kosa la kifungo kisichopungua miaka 10. Amvuaye mwenzake kwa kudai kutetea adabu, ndiye aivunjaye adabu hiyo.

Tatu, tufanye nini?

Wewe usemwaye, mpime asemaye. Mzazi aonyaye kwa upendo, tena faraghani, asikilizwe. Mzomeaji wa njiani apitwe kimya, maana tusi halifutwi kwa tusi. Lakini ukiguswa mwili au kutishwa, hapo si mahali pa kuvumilia. Piga kelele, kisha utoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au polisi. Ibara ya 12 ya Katiba yetu yatambua utu wa kila mtu, wala haikuweka sharti la nguo. Basi jumuiya isianze kwa kumwuliza aliyeumizwa alikuwa amevaa nini.

Nasi tutazamao, tujue kwamba kunyamaza ni kushiriki. Mara nyingi neno moja la mzee, «Mwacheni apite», latosha kutawanya kundi.

Mwisho, tujitazame sisi wenyewe kanisani. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, awakemea wampao mwenye mavazi mazuri kiti cha heshima na kumdharau maskini. Sare za vitenge wakati wa sikukuu hupendeza na huleta umoja. Lakini zikimfanya mjane aone haya kupeleka sadaka altareni, zimekwisha kuwa ukuta. Tukubaliane kwamba asiye na sare ana nafasi yake sawa na wengine, tena katikati yao.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Ni nani kati yetu ameacha kuja kusali kwa sababu ya nguo? Nani atakwenda kumwona juma hili?
2. Vijana wetu wakizomea watu sokoni au bandarini, nani huwaonya, na kwa maneno gani?
3. Je, tunapopanga sare tunamkumbuka asiyeweza kununua?