Hotuba ya Mwenyekiti: Rangi za Mikorosho na Sufuria la Shaba



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo, kikundi kutimiza miaka kumi. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawaombea. Habari ya hisa, mikopo na mgao ataisoma mweka hazina, na sisi hatutaki kumwingilia kazi yake. Sisi tumepewa kueleza habari ya rangi na vyombo vya kale, kwa sababu kila mgeni aliyepita kwenye meza yetu asubuhi hii ameuliza: rangi hizi mnanunua wapi?

Hatununui, ndugu zetu. Mtu yeyote aliyekulia hapa Nalasi anajua doa la bibo. Unatoka shambani umekula mabibo, maji yamedondokea kifuani, mama akiona ile nguo ya shule ni fimbo, maana doa lile halitoki kwa sabuni wala kwa jua. Miaka yote ile tulichapwa kwa ajili ya rangi, na hakuna aliyetuambia kwamba ni rangi.

Lakini mama zetu walijua. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1970 tunakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipokuwa adimu nchi nzima. Rafu za maduka zilikuwa tupu, na kitambaa kikija watu wanapanga mstari, wengine wanarudi mikono mitupu. Ulipokuja msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, hata waliokuwa na bidhaa walizificha. Ndipo mama wa mmoja wetu alipochukua shuka lililochakaa, akachemsha magome, akalitia humo mpaka viraka na madoa yakapotea, akashona magauni mawili ya watoto. Tulidhani ni umaskini tu. Kumbe ulikuwa ufundi.

Na ufundi huo ni wa zamani. Wazee wa Kiyao walivaa nguo za magome ya miti kabla ya pamba kuzoeleka. Misafara yao iliteremka mpaka Kilwa na pembe za ndovu na tumbaku, na tuseme ukweli, na watu waliofungwa pia, ikarudi na nguo. Ile nguo nyeupe iliitwa merikani kwa sababu ilitoka Marekani. Ikitiwa nili ikawa nyeusi ya bluu, ndiyo kaniki, nguo ya mtu wa kawaida na ya mtumwa. Bibi zetu walivaa kaniki. Leo ukimwambia binti avae kaniki anaona umemtukana.

Sasa sisi tulianzaje? Kama vikundi vingi vya akina mama, tulianza na batiki. Rangi ya dukani, nta, kostiki na haidro, vyote viagizwe Dar es Salaam. Nauli ikala faida, na mwenzetu mmoja akaungua mkono kwa kostiki. Tukaacha. Tuliporudi kwenye rangi ilikuwa mwaka 2020, na sababu yake ni msimu mbaya wa korosho ambao tutaueleza hapo mbele, maana ndani yake kuna kosa letu.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza hakikisha nguo ni pamba. Chomoa uzi, uwashe moto: wa pamba unaungua kama karatasi na kubaki jivu, wa nailoni au polyesta unayeyuka na kuwa kitonge kigumu, huo usipoteze kuni zako. Nguo uifue kwa maji ya moto na sabuni, hata kama inaonekana safi, kwa sababu mafuta yakibaki rangi inashika mabaka. Halafu shabu, hii hii ya kusafishia maji. Kwa kilo 1 ya nguo kavu tunatia gramu 150, tunayeyusha kwenye maji ya moto, nguo inalala humo usiku mzima.

Rangi ya kahawia tunapata kwa magome ya mkorosho. Hatumchuni mti akiwa amesimama, la hasha, atakufa. Wakati wa kupogolea mikorosho matawi yanatupwa, sisi tunayafuata huko huko. Magome tunayaponda, tunayaloweka siku mbili, tunayachemsha saa moja, tunachuja, ndipo nguo inaingia na kuchemka polepole. Maganda ya vitunguu yanatoa njano nzuri inayoelekea machungwa, na haya tunawaomba mama lishe watuwekee. Maranda ya mninga tunaomba kwa mafundi seremala, yanatoa wekundu wa udongo, siyo mwekundu wa bendera, msije mkadai kuwa tumewaibia.

Rangi nyeusi ndiyo iliyotushangaza. Unachukua misumari yenye kutu, unailoweka kwenye siki wiki mbili. Maji yale ukitia vijiko viwili tu kwenye ndoo ya maji, nguo iliyotoka kwenye magome inageuka mbele ya macho yako, kahawia inakuwa kijivu, kijivu inakuwa nyeusi. Ila ukizidisha, kutu inakula uzi. Tuliharibu foronya nne kujua hilo. Na bizari ya manjano msidanganyike nayo: inapendeza siku ya kwanza, ikianikwa juani inakwenda zake. Mwalimu mmoja alitununulia kitambaa cha meza cha manjano, baada ya mwezi akakirudisha kikiwa cheupe. Tulimrudishia fedha yake, na jambo hilo tuliliandika kwenye daftari la kikundi ili lisijirudie. Halafu chombo cha rangi kisipikiwe chakula tena, hata ukikisugua vipi.

Vitambaa vyenyewe ni mitumba. Kwenye marobota yanayofika Tunduru mjini watu wanagombania masuruali na magauni, mashuka meupe ya zamani yanabaki chini. Sisi tunaanzia chini. Huko tumepata mashuka ya pamba nzito ambayo siku hizi huyaoni dukani, na vitambaa vya meza vilivyodariziwa kwa mkono na mama fulani wa Ulaya tusiyemjua. Doa dogo la chai halitusumbui, linafunikwa na rangi.

Sasa tuje kwenye sufuria.

Msimu wa korosho wa mwaka 2018 mnaukumbuka. Fedha zilichelewa kufika mikononi mwa wakulima, na kikundi chetu chote kilikuwa kimekopa kwa kutegemea korosho. Sanduku letu lina kufuli tatu na wenye funguo watatu, lakini kufuli haiwezi kulinda kitu ambacho hakimo. Mwenzetu mmoja alikuwa na deni la shs. 60,000/=. Aliomba tumsubiri. Sisi tukasema katiba ni katiba. Nyumbani kwake palikuwa na sufuria la shaba la bibi yake, lile ambalo ukoo mzima ulipikia wali kwenye maulidi na siku watoto wanapotoka jandoni. Tulilichukua. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa anapita na baiskeli, akalipima kwa mzani wa kuning'iniza, kilo saba kwa shs. 5,000/=, akatoa shs. 35,000/=. Kisha akalikanyaga mdomo ili liingie kwenye gunia.

Mwenzetu hakusema neno. Wiki iliyofuata alikuja mkutanoni kama kawaida, akakaa mahali pake, akanunua hisa moja.

Mwaka 2020 tulipoanza rangi, jambo la kwanza tulilolihitaji lilikuwa sufuria kubwa. Tulitazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitaja. Sufuria la alumini tulilolinunua lilitugharimu zaidi ya zile shs. 35,000/=, na bado ni jembamba, linaunguza.

Tangu hapo tumeweka utaratibu. Chombo cha urithi hakiuzwi kwa deni. Kinaweza kuwekwa dhamana, kinaandikwa, kinatunzwa nyumbani kwa katibu, na mwenyewe akiwa na shughuli anaruhusiwa kukiazima. Tena kila gulio wanachama wawili wanapita kwenye lundo la vyuma chakavu kabla lori halijaja. Wanabeba kipande cha sumaku: kikinata ni chuma, kisiponata huenda ni shaba au alumini, hapo angalia rangi baada ya kukwaruza kidogo. Kwa bei ya kilo tumekomboa pasi tatu za mkaa, birika, taa za chemli, kichwa cha cherehani ambacho fundi alikifufua, na bakuli za bati zenye maua. Pasi mbili kati ya hizo zinatumika kunyoosha vitambaa mlivyoviona mezani. Vingine vilirudi kwa wenyewe, maana waliviuza wajukuu bila ruhusa.

Salio la deni la mwenzetu, shs. 25,000/=, tulilifuta, na mwaka jana tulimlipa zile shs. 35,000/= kutoka mfuko wa jamii. Alizipokea. Yupo hapa leo, ametupa ruhusa kusimulia bila kumtaja jina.

Sufuria lenyewe hatujalipata. Huenda limekwisha kuyeyushwa, tunajua. Lakini vitu vingine hukaa miaka uani kwa wafanyabiashara, na wageni wetu wengine mmetoka Tunduru mjini, Namtumbo na Songea. Lina masikio mawili, moja limegongelewa kwa misumari mitatu ya shaba na jingine kwa miwili, na mdomo umepinda upande mmoja pale lilipokanyagwa. Mkiliona mwambieni mwenye nalo asiliuze, mtume habari kwa katibu wetu, tutakuja na fedha siku hiyo hiyo.

Sasa tunamkaribisha mweka hazina.