KUCHUNGA SI KUPELELEZA: MZAZI NA VIDEO ANAZOTAZAMA MTOTO MTANDAONI

(Matini ya darsa iliyotolewa kwa wazazi wa wanafunzi wa madrasa baada ya Sala ya Alasiri)

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Sahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, akina baba na akina mama, tumekuiteni kwa jambo ambalo sisi walimu wa madrasa huliona mapema kabla halijafika masikioni mwenu. Mtoto wa miaka 5 ambaye bado hajaweza kuunganisha herufi, kidole chake kinajua njia yote ya kuifikia video anayoitaka. Mwingine huja asubuhi macho mekundu, na akisomeshwa aya tatu husinzia. Na yupo mtoto wa miaka 7 aliyemuuliza mwalimu wake, mbele ya wenziwe, swali ambalo hatutalirudia ndani ya nyumba ya Allah. Alipoulizwa kwa upole amelipata wapi, akajibu bila ya hofu yoyote: "Nimeona kwenye simu ya mama." Hakuwa na habari kwamba ametamka jambo baya. Baba yake alipoelezwa, aliivunja ile simu na akamchapa mtoto. Hazikupita wiki mbili, mtoto akawa anatazama kwa jirani.

Baba yule alikuwa na ghera ya dini, na ghera ni jambo la kusifiwa. Lakini kabla ya kuivunja simu, miezi mingapi ilipita yeye na mkewe wakimpa mtoto chombo kile ili anyamaze, wasijue anaonyeshwa nini?

Allah (s.w.) katika Suratut-Tahriim, aya ya 6, ametuamrisha tuzikinge nafsi zetu pamoja na ahali zetu na Moto. Na katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga, akamtaja mwanamume kwa watu wa nyumba yake, akamtaja na mwanamke kwa nyumba ya mumewe na watoto wake. Lizingatieni neno hili "mchunga". Aliyewahi kuchunga mbuzi anajua kwamba kazi hii haifanywi kwa kukaa nyumbani, wala kwa kuwafungia mbuzi zizini mpaka wafe njaa. Mchunga hutoka nao. Huyajua majani yenye sumu kabla mbuzi hajayafikia, na jioni huwahesabu.

Wazee wetu waliipata kazi hii ikiwa nyepesi zaidi. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza mwaka 1973, na Bara ilipopata vituo vyake mwaka 1994, chombo kilikuwa kimoja, kimewekwa ukumbini, na anachokiona mtoto alikiona na bibi yake. Kikitokea kisichofaa, mtu mzima alikohoa tu na kituo kikabadilishwa. Yakaja mabanda ya video, na wazazi wenye hima wakawa wanakwenda kuwatoa watoto wao kwa mkono. Leo banda limo mfukoni, lina picha zisizokwisha, na mteja wake amejifunika shuka kitandani.

Wengi wetu hudhani kwamba YouTube ni mfano wa kabati la kanda, mtoto hulifungua, huchukua aitakayo, akimaliza hulifunga. Sivyo ulivyo. Mtandao huu, ulioanzishwa mwaka 2005, hupata pato lake kubwa kwa matangazo, na kadiri macho ya watu yanavyobaki kwenye kioo ndivyo matangazo yanavyoonekana zaidi. Kwa hiyo umetengenezwa uangalie mtu ametazama nini, ameachia wapi, amerudia nini, kisha umpangie cha kufuata. Video moja ikimalizika, nyingine huanza yenyewe. Mtoto hakuichagua. Na mama aliyeiona dakika ya kwanza ya video ya kwanza, akaenda zake jikoni kuangalia chungu, naye hakuichagua.

Mwaka 2017 yalifichuka mambo ambayo kila mzazi anapaswa kuyajua. Ilibainika kuwa mtandaoni mna video nyingi zilizotumia sura za katuni wanazozipenda watoto, kama Elsa, Spider-Man na Peppa Pig, zenye rangi za kuvutia na nyimbo za kitoto, na ndani yake mna damu, vitisho, vipigo na ishara za uchafu. Tukio hilo likapewa jina la Elsagate. Baadhi ya video hizo zilipenya hata katika YouTube Kids, programu iliyotolewa mwaka 2015 mahususi kwa ajili ya watoto wadogo. Kampuni ilifunga chaneli nyingi na kuondoa maelfu ya video, lakini baada ya watoto kwisha kuziona. Zingatieni namna hila ile ilivyopangwa. Picha ya nje ilikuwa njema, kichwa cha habari chema, na dakika ya mwanzo njema. Ilimpita mzazi anayetupia jicho mara moja akaridhika.

Tusiseme haraka kwamba hizi ni njama za makafiri dhidi ya Waislamu. Wazazi wa huko wasiokuwa Waislamu ndio waliopiga kelele kwanza, na watoto wao ndio waliodhurika kwanza. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kumaliza madai kwamba zilikusanya taarifa za watoto bila ya idhini ya wazazi. Na Australia imepiga marufuku wenye umri chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, YouTube ikiwemo, tangu tarehe 10 Desemba 2025. Hata hivyo mtoto wa huko bado anaweza kuzitazama video za YouTube bila ya akaunti. Ikiwa dola yenye nguvu kiasi hicho haiwezi kukaa ukumbini mwa watu ikawatazamia watoto wao, sisi tunamsubiri nani?

Hapa huulizwa suala, nalo ni zuri: je, kumfuatilia mtoto si katika tajassusi iliyokatazwa katika Suratul-Hujuraat, aya ya 12? Jibu lahitaji upambanuzi. Mtoto mdogo yumo katika wilaya ya mzazi wake, na kujua anachokitazama ni katika matunzo, sawa na kujua anachokula. Kilichokatazwa ni kupekua aibu za watu. Anayemwambia mwanawe, "Simu hii nitaiangalia kila jioni, nawe utakuwa umekaa hapa ninapoiangalia," huyo anachunga. Ama anayengoja mtoto alale, akaifungua simu kwa kunyemelea, akakaa na aliyoyaona miezi miwili, kisha akayamwaga mbele ya wajomba na mashangazi siku ya Idi, huyo amepeleleza, na juu yake amefedhehesha. Tunamjua kijana aliyefanyiwa hivyo. Alichojifunza ni kufuta kumbukumbu za simu kila baada ya kutazama.

Tena uchungaji hubadilika kwa umri. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka 7, na kuwatenganisha katika malazi wakifika miaka 10. Ndani ya mafunzo hayo mna daraja. Mtoto wa miaka 4 huchaguliwa kila kitu. Wa miaka 9 huulizwa, "Umeona nini leo? Kipi kimekuchekesha? Kipi kimekutisha?" na mzazi husikiliza bila ya kuruka na fimbo. Na aliyekaribia baleghe hukumbushwa mawaidha ya Luqman kwa mwanawe juu ya punje ya hardali, kwamba hata ikiwa ndani ya jabali Allah ataileta. Kijana huyu karibu atakuwa peke yake na simu yake, na hapo hatakuwa na mwangalizi ila Mola wake. Asipozoeshwa hilo akiwa nyumbani, hakuna programu itakayomzoesha.

Lipo lililo zito zaidi, na akina baba watuwie radhi kwa kulisema waziwazi. Katika nyumba nyingi mtoto hana simu yake. Hutumia ya baba au ya mama. Na simu hukumbuka. Alichokitazama baba saa 6 za usiku, mtandao haujui kwamba asubuhi kidole kinachogusa kioo ni cha mtoto, basi humletea mfano wa kile kile. Allah (s.w.) katika Suratun-Nuur, aya ya 58, ameamrisha kwamba hata watoto wasiofikia baleghe waombe ruhusa kabla ya kuwaingilia wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Tazameni hekima yake. Ndani ya nyumba ya halali, baina ya mume na mke waliooana kwa halali, bado jicho la mtoto limewekewa mlango. Basi itakuwaje kwa mwenye kumpa mtoto funguo ya haramu mkononi, akidhani ameificha kwa sababu ameitazama gizani? Ibn al-Qayyim (r.h.), katika kitabu chake Tuhfatul-Mawduud kinachohusu hukumu za mtoto mchanga, ameeleza kwamba watoto wengi huharibika kwa sababu ya baba zao. Hakuwa na simu zama zake.

Wapo wenzetu wanaosema: basi tuzipige marufuku kabisa. Tunaiheshimu rai yao, na kwa mtoto mchanga ndiyo rai iliyo sawa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 halikupendekeza kioo chochote kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, na kwa wenye miaka 2 hadi 4 limesema isizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Lakini kwa mkubwa wake, mlango huo huo ndimo anamopata usomaji wa Sheikh Al-Minshawi pamoja na watoto wanaourudia nyuma yake, na wanafunzi wetu kadhaa makharija yao yametengenezeka kwa usomaji huo. Rai yetu ni kwamba mzazi ahifadhi rekodi hizo ndani ya simu, kisha azime data kabla ya kumkabidhi mtoto. Kwa kufanya hivyo hakuna kinachokuja chenyewe baada ya sura kumalizika, na bando pia linasalimika.

Kwa nyumba ambazo data haizimwi, ziko njia za kupunguza madhara. Uzimwe ule mtindo wa video kujiendeleza. Katika YouTube Kids mzazi anaweza kufunga utafutaji, au akaruhusu zile tu alizozichagua yeye mwenyewe, na humo mna kipima muda. Simu itumike ukumbini, sauti wazi, bila ya visikilizio vya masikioni, na ilale chumbani kwa wazazi. Lakini YouTube wenyewe husema kuwa hakuna kichujio chao kisichokosea, na kichujio hakina habari na itikadi ya mwanao. Katuni isiyo na tusi hata moja yaweza kumfundisha mtoto kumwomba asiyekuwa Allah, na mashine ikaipitisha. Kwa hilo hakuna badala ya mzazi kukaa na mtoto, hata kama ni nusu saa baina ya Magharibi na Isha, wakatazama pamoja, akamwambia hili ni hivi na lile ni vile. Tunajua baba anarudi amechoka, na mama hajakaa tangu Alfajiri. Nusu saa hiyo ndiyo tunayokuombeni.

Jumamosi hii, baada ya Sala ya Magharibi, vijana wetu wawili wanaoijua kazi hii watakaa ukumbi wa madrasa, na akina mama watakuwa na ustadhati upande wao. Njooni na simu zenyewe zikiwa na chaji, na anayeweza aje na mtoto wake, ili aone kwa macho yake kinachofanywa katika simu na aelezwe kwa nini. Hakuna malipo.

Wabillahit-tawfiiq.