Ganda la mupunga likipata mununuzi



Kila mara tukishuka Beni tunaulizwa: haya maganda ya mupunga na ya kahawa yanayolundikana nyuma ya mashini, hayawezi kutoa umeme wa viwanda? Yanaweza. Kule Uganda, karibu na Jinja, kiwanda cha sukari cha Kakira kinachoma makapi ya miwa, kinapata mvuke, na mvuke unazungusha mitambo ya zaidi ya megawati 50. Umeme mwingine wanauza kwa laini ya taifa. Lakini kule miwa ya eneo zima inafika kwenye mulango mumoja. Kwetu maganda yametawanyika: kidogo Oicha, kidogo Mangina, kidogo Kyondo, na barabara munaijua.

Mfano unaotufaa uko karibu zaidi, ukivuka Kasindi tu. Kiwanda cha simenti cha Hima, wilaya ya Kasese, kimechoma maganda ya kahawa na ya mupunga katika tanuru lake. Si umeme, ni moto. Sisi tunaona tuanzie hapo. Umeme tuutafute kwenye maji, sawa vile Mutwanga wanavyowasha kwa maji ya Ruwenzori tangu 2013. Lakini moto wa kukausha kakao siku za mvua, wa kuchoma matofali, wa kuchemsha sabuni, huo bado ni kuni na makala. Na mama anayeenda kutafuta kuni pembeni ya pori la Beni, munajua anachohatarisha. (Balbu inapendeza zaidi kwenye picha ya ripoti, tunajua.)

Katika kilo 100 za mupunga, karibu 20 ni ganda. Liko kavu tayari, limekusanyika penye mashini. Tanuru likijengwa pale pale, hakuna usafiri wa kulipa. Ganda la kakao ni kinyume: limejaa maji na limebaki shambani. Hilo lioze shimoni liwe mbolea, juu likiachwa chini ya miti linalea ugonjwa wa kuozesha matunda.

Kinachotusumbua ni kingine. Siku kiwanda kinaanza kununua, ganda si takataka tena, liko na mwenyewe. Nani? Mwenye mashini, ao mama aliyeleta mupunga wake? Leo hakuna anayegombana, juu halina bei. Tena wenzetu waliorudi wanakuta shamba la kahawa limelala miaka. Wanatandaza maganda chini ya mikahawa kushika unyevu na kurudisha nguvu ya udongo. Yakienda yote kwenye tanuru, watanunua mbolea kwa franga gani?

Kwa hiyo tunaomba hivi: mbele ya mufadhili yeyote kuleta tanuru, muandikiane na wenye mashini. Ganda la kahawa lirudi shambani kwanza. La mupunga liuzwe, na sehemu ya bei iwe ya aliyeleta mupunga. Majivu pia yaandikwe ni ya nani. Wa Beni wameanza kuzungumza na wenye mashini. Butembo tunangoja mutuchagulie watu wa kwenda nao.